Gari Lililogoma Mlima wa Newala

Mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi hauna utani na mtu. Unakunja kona, unadhani umemaliza, kumbe ndiyo kwanza umeanza. Siku gari langu liliponigomea pale nilikuwa kona ya tatu. Nilikuwa nimevaa mtandio mpya, na kwenye kiti cha nyuma nilikuwa nimeweka mto na shuka safi kwa ajili ya mama yangu. Nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma kidogo, likakohoa, likapunguza mwendo. Nikakanyaga zaidi, likapunguza zaidi. Nikashusha gia mpaka ya kwanza na kukanyaga mpaka mguu ukagota sakafuni, na bado gari likawa linajikokota huku injini ikilia uhh, uhh, uhh.

Boda ikanipita. Ilibeba mzee mmoja na mbuzi, na wallahi yule mbuzi aligeuza shingo kunitazama. Ikaja fuso iliyojaza magunia, nayo ikanipita, utingo kakaa juu ya mzigo anapiga makofi kunishangilia. "Sukuma mama, sukuma!" Gari likazima. Nikavuta handibreki, nikashuka, nikatafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi, na nikatukana. Nililitukana gari, nikamtukana aliyeniuzia, nikamtukana na utingo ambaye alikuwa keshapotea konani zamani. Mimi mdomo wangu ninaujua, na waliokaa nami wanaujua.

Ila matusi yale hayakuwa ya hasira tu. Ilikuwa Jumanne. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitalini Masasi asubuhi ile, na wangekaa mpaka Alhamisi saa sita mchana, basi. Baada ya hapo hakuna aliyejua wangerudi lini. Na mama yangu alikuwa juu ya mlima ule, kaoga, kavaa, kakaa kibarazani ananisubiri nimteremshe akatolewe mtoto wa jicho.

Lazima nieleze kwa nini hakupanda basi kama watu wengine. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepanda. Nilimtumia nauli, jirani akamsindikiza mpaka stendi ya Newala, akaja peke yake, kwa sababu mama ni mbishi na alisema hajawa mzigo. Alipofika stendi ya Masasi hakunisubiri nimfikie mlangoni. Akashuka mwenyewe, akakanyaga pasipokuwepo kitu, akaangukia mtaroni. Hakuumia sana. Lakini kanga ilimfunuka mbele za watu na kuna vijana walicheka. Nilimkuta kakaa ukingoni mwa mtaro, mtandio mkononi. Siku hiyohiyo akanilazimisha nimrudishe kwake, na hospitali hatukuikanyaga.

Tangu hapo akawa na maneno yale yale. "Nitateremka mlima huu kwa gari la mtoto wangu, au kwa jeneza. La watu silipandi tena." Nilibembeleza, nikagomba, nikamnunia. Nikamwambia nitakodi gari zuri, nitakaa naye ubavuni. Akasema, "La kukodi si la watu?" Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi pale mjini Masasi mpaka vidole vimepinda. Nikajisemea, kumbe anataka gari? Haya, atalipata.

Nikalitafuta. Nikajifunza kuendesha katika umri ambao wenzangu wanafundisha wajukuu, na yule mwalimu wa udereva alinikoma. Gari lenyewe nililipata Nanganga, kwa mwalimu mstaafu wa sayansi, mtu mpole, mwembamba, anayeongea taratibu utadhani kila neno anaandikiwa ubaoni. Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha, la zamani lakini safi. Aliniambia, "Mama, halina tatizo. Ukilitunza litakutunza." Nikaondoka nalo nikiimba peke yangu barabara nzima.

Wiki ileile nikapanda nalo Newala kumwonyesha mama. Na nisikilizeni vizuri hapa: lilipanda. Lilipanda mlima ule gia ya tatu, kona baada ya kona, bila kulalamika. Nilipofika nikapiga honi mpaka majirani wakatoka. Mama akaja akipapasa ukuta, kisha akapapasa gari. Alilipapasa lote, milango, vioo, taa, akawa anatabasamu. Macho yake wakati ule yalikuwa meupe kama mboni zimemwagiwa uji. Mchana aliuona kama ukungu na watu aliwajua kwa sauti.

"Nifungulie nijue na la ndani," akasema. Nikafungua boneti, nikamshika mkono, nikamtembeza. Hapa maji, hapa oili, hapa betri. Usiguse hapa pana moto. Akauliza, "Linapumulia wapi?" Nikamwekea mkono kwenye mdomo wa bomba la hewa, pale mbele juu ya rejeta. Akaingiza vidole, akaitikia kwa kichwa.

Ilikuwa majira ya kupuliza salfa. Mwenyeji wa huku haelezwi, lakini kwa mgeni niseme tu kwamba mikorosho inapoanza kutoa maua hupulizwa unga wa salfa alfajiri, umande ukiwa bado upo, ili ukungu usiyaunguze maua. Kijiji kizima kinanguruma mashine. Vumbi la njano linaingia kwenye nywele na kwenye chai, na kwa mama mikorosho ya majirani imezunguka nyumba pande tatu.

"Na hili si litavuta salfa?" mama akauliza.

"Ah, mama! Hili ni gari, si mashine ya marehemu baba," nikamjibu, nikacheka, na kutoka kwenda kuwasalimia majirani, maana nilitaka kusifiwa. Boneti nikaiacha wazi injini ipoe. Jioni nikarudi, nikaibamiza bila hata kutazama.

Kesho yake alfajiri nikateremka kurudi Masasi, na kuteremka, kama mjuavyo, gari halidai nguvu. Mjini nako ni tambarare, mimi natoka nyumbani mpaka dukani mwendo wa kuku. Nililiona zito kidogo. Nikasema labda ndivyo lilivyo, na mimi dereva mwenyewe ndiyo kwanza najifunza. Wiki mbili zikapita hivyo. Kisha ikatangazwa msikitini na kanisani kuwa madaktari wa macho wanakuja, nami nikampigia mama kwa simu ya jirani. Akauliza siku gani, nikamtajia. Kisha akasema, "Njoo na gari lako."

Basi ndiyo Jumanne hiyo ninayowaambia, nimesimama kona ya tatu na jiwe mkononi.

Nilirudi nyumanyuma na gari mpaka mahali pa kugeuzia, huku nimeng'ata mtandio kwa meno, nikateremka mpaka Masasi moja kwa moja kwa fundi gari. Fundi huyu ana gereji chini ya lile jabali kubwa, na ana tabia ya kukusikiliza huku anatazama kwingine. Nilimweleza. Akasema, "Plagi hizo." Akabadilisha plagi. Akafungua kasha la filta ya hewa, akatoa filta, akaipuliza kwa kompresa. Akiwa bado hajarudisha kifuniko akawasha gari na kulipiga resi. Loo! Liliunguruma vizuri mpaka mioyo ikatulia. "Umeona, mama? Limepona." Akafunga kifuniko, akaniita nikalijaribu.

Kuna kimwinuko kidogo nyuma ya soko, si mlima wala nini. Gari likafika katikati, uhh, uhh, uhh. Nikarudi.

Jumatano asubuhi akasema ni pampu ya mafuta. Akatafuta nyingine, akaifunga, nikaenda kimwinukoni, nikarudi. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akajikuna, akasema, "Mama, yapo magari ya hivi. Limezoea tambarare tu."

"Limezoea? Ni punda huyu? Ni punda, nakuuliza!" Nikamwaga yote. Wateja wake wakaacha chai zao kunitazama. Nilimwambia kama yeye ni fundi basi mimi ni rubani. Alicheka, maskini, na kucheka kwake kukaniongezea moto.

Nikampigia mama. Jirani akampa simu. "Mama, gari linasumbua kidogo."

"Nakusubiri," akasema. "Nimeshaoga."

"Mama, naomba nikodi gari. Mara hii tu. Nitakuja nalo mwenyewe, nitakushika mkono kutoka mlangoni mpaka kitandani hospitalini."

"Lile la kukodi likinifikisha Masasi," akasema, "nitashuka mbele za watu walewale. La kwako nitashuka kwangu." Akamrudishia jirani simu yake.

Nililia pale gerejini, siwafichi. Nikajifuta na ncha ya mtandio, na nilipomaliza kujifuta nikajua la kufanya. Nikawasha gari, nikashika barabara ya Nanganga.

Njia nzima gari halikuzidi mwendo wa baiskeli iliyobeba mkaa, na kila gari lililonipita lilinipa muda zaidi wa kupanga maneno. Nilipofika kwa yule mwalimu nilikuwa nimeshayapanga yote. Alikuwa uani anaanua muhogo mkavu pamoja na mke wake. Mke akaniona, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo dada." Sikuitikia. Mpaka leo linaniuma kwamba sikuitikia.

"Mwalimu, umeniuzia jeneza!" nikaanza, na sauti yangu ikavuka ua, majirani wakasogea. Nikamwita tapeli. Nikamwita mwizi wa macho ya mama yangu. Nikasema alijua gari bovu akalipaka mafuta ling'ae, akanitazama mimi mwanamke akaona huyu hajui kitu. Nikasema watoto aliowafundisha Mungu ndiye atakayewafundisha upya. Mengine nayaacha.

Alisubiri nimalize. Akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akaenda kuzunguka gari mara moja. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ya ubaoni, "Mama, siku ya kwanza ulipanda nalo Newala?"

"Nilipanda!"

"Likapanda?"

"Likapanda, lakini..."

"Basi tangu siku lilipopanda mpaka siku lilipokataa, lililala wapi?"

"Lililala wapi! Gari linalala wapi, Mwalimu? Linalala gesti? Lililala kwangu, lililala kwa mama yangu, lililala kwa watu wenye heshima zao!" Nikaingia garini nikabamiza mlango. Nilitaka niondoke kwa kasi niwatimulie vumbi, nionyeshe kuwa nimekasirika. Gari likaondoka uhh, uhh, uhh, na mke wa mwalimu akapata muda wa kutosha kunipungia mkono.

Usiku ule sikuhangaika na mtu. Nilisali, nikalala. Alhamisi baada tu ya sala ya alfajiri nikatoka. Nilikuwa nimekata shauri: nitapanda mlima ule hata kwa kusukuma, hata kama itakuwa hatua kumi kupumzika, hatua kumi kupumzika. Niliweka garini mawe mawili mazuri ya kuzuia tairi na madumu ya maji. Saa sita mchana ndiyo mwisho. Sikuwa na mpango mwingine zaidi ya ukaidi wangu.

Nikafika mwanzo wa mlima jua limeshachomoza. Nikapanda. Kona ya kwanza, likaanza kukohoa. Kabla ya kona ya pili likazima. Nikaweka jiwe, nikafungua boneti, nikasimama kulitazama lile dude. Huko juu ukingoni nikasikia mashine za salfa zinanguruma, moja huku, moja kule, na upepo ukaniletea harufu yake. Nikapiga chafya.

Na swali la mwalimu likarudi bila mimi kuliita. Lililala wapi?

Kwangu. Na kwa mama. Kwa mama kuna nini? Kuna salfa. Lakini fundi alitoa filta nikaiona kwa macho yangu, safi. Na alipoacha kifuniko wazi gari lilipumua vizuri, alipofunga tu likakaba. Basi kama kifuniko kikiwa wazi linapumua, hewa inakwamia kabla ya kufika kwenye kasha. Inakwamia kwenye bomba. Kwenye mdomo.

Nikainamia mdomo wa bomba.

Nyumbani kwetu, baba alikuwa na mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni na kuvuta kamba. Baba alipuliza, lakini mtunzaji wa mashine alikuwa mama. Ikirudi shambani anaifuta, anaiweka pembeni jikoni, na kwenye tundu inapovutia hewa anachomeka kitambaa, kuzuia salfa iliyosambaa hewani na manyigu wanaopenda kujenga humo nyumba zao za udongo. Kila nyumba yenye mashine huku kwetu inafanya hivyo. Na kila alfajiri, miaka yote ya utoto wangu, niliamshwa na sauti mbili. Mama toka jikoni: "Kitambaa?" Na baba toka uani: "Nimetoa!" Ndipo kamba ivutwe. Hakuna mtu wa huku anayewasha mashine bila kutoa kitambaa. Hilo halisemwi, mtoto mdogo analijua.

Na mimi ndiye niliyemshika mama mkono nikamwonyesha mdomo.

Nikaingiza mkono kwenye bomba. Vidole havikugusa kitu. Nikaingiza zaidi, mpaka chuma kikanichuna kiwiko, nikafika kwenye kona ya bomba, na hapo ncha ya kidole cha kati ikagusa nguo. Nguo naijua hata gizani. Nikavuta, ikateleza. Imevutwa ndani kwa wiki mbili na injini, imejibana. Nikaenda kwenye mkoba wangu wa kazi, nikatoa ile sindano ndefu iliyopinda ya kushonea magodoro, nikarudi nayo pale, nikatafuta, nikadunga, nikavuta polepole jinsi unavyovuta uzi ili usikatike. Ikatoka. Ilitoka nyeusi upande mmoja na ya njano upande mwingine, imechanika vipande viwili, inanuka salfa.

Nikaigeuza nikatazama pindo. Pindo lilipigwa kwa mkono, mishono midogo, na mwishoni uzi umerudishwa mara mbili. Ni mimi ndiye ninayepiga pindo hivyo. Ilikuwa kanga niliyompelekea mama Idi iliyopita. Alikuwa ameikata kipande. Kanga mpya, akaikata, ili gari la mtoto wake lisivute salfa.

Nilikaa chini ukingoni mwa barabara nikacheka. Kisha nikamkumbuka mwalimu na muhogo wake na mkewe aliyenipungia mkono, nikaacha kucheka. Kisha nikalia kidogo, kisha nikatazama saa, nikasimama. Nikakikunja kitambaa nikakiweka kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Nikawasha.

Jamani! Lile gari lilipanda. Kona ya tatu nililipita jiwe langu la Jumanne likiwa palepale barabarani, nikalipigia honi. Juu kabisa mlimani nikaipita fuso, na nasikitika kusema haikuwa ileile.

Mama alikuwa kibarazani, kavaa gauni nililomshonea, kajitanda, miguu ameiweka pamoja, mfuko wake mapajani. Jirani aliniambia amekaa hivyo siku zote tatu, mpaka jua linapozama ndipo anaingia ndani. Njia nzima ya kupanda nilikuwa nimeyapanga maneno. Mimi na kupanga maneno! Nilitaka kumwambia, mama, ungeyaua macho yako kwa mkono wako mwenyewe. Nilitaka ajue nimelia gerejini, nimemwaibisha mtu mwema mbele ya mkewe, kwa sababu ya kipande cha kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika."

Nikamshika mkono. Akaingia kiti cha mbele, akaukataa mto, akapapasa mkanda nikamfungia. Nikazunguka upande wangu, nikakaa, nikashika ufunguo. Na mama, macho yake meupe yakitazama mbele, kwa sauti ileile ya jikoni, akauliza:

"Kitambaa?"

Mkono wangu wa kulia ukaacha ufunguo, ukakishika pale mlangoni. Nikamtazama. Alikuwa ametulia, ana furaha, amefanya kazi yake. Mwaka mzima huo watu walikuwa wanamkataza kila kitu, usikate mboga utajikata, usichote maji utaanguka, kaa tu mama, kaa. Hiki ndicho kitu alichokifanya mwenyewe.

"Nimetoa," nikasema.

"Nilijua huwezi kusahau," akasema, nami nikazungusha ufunguo, kamba ikavutwa.

Tulifika hospitalini saa nne na nusu. Alishuka kwake, kama alivyosema, alishuka polepole, akashika mlango, akasimama, akanyoosha kanga, kisha akanipa mkono. Saa sita kasoro alikuwa ametoka chumba cha upasuaji na jicho moja limefungwa pamba na plasta, anaulizia uji.

Jioni ile wakasema atalala, niende. Nikaenda Nanganga. Gari lilipaa, nusu saa nzima nikijilaumu kwa kila kasi niliyoipata. Niliwakuta mwalimu na mkewe wanakula. Nikasimama mlangoni. Nikampigia goti mke kwanza, nikasema, "Dada, marahaba yako ya jana niliondoka nayo. Nimeileta." Akaweka mkono mdomoni, akacheka. Kisha nikamgeukia mwalimu nikamwambia yote, kitambaa na yote, na nikasema kwa sauti ya kuvuka ua, kwa sababu matusi nayo yalikuwa yamevuka ua.

Akatafuna, akameza. "Kwa hiyo leo mimi si mwizi?"

"Si mwizi, Mwalimu. Nisamehe."

"Na lililala wapi?"

"Lililala kwa mama yangu," nikasema, na hapo tukacheka wote. Akanisogezea sahani.

Ijumaa asubuhi wakamfungua jicho. Nilikuwa mbele yake, nimesimama, sijui nifanye nini na mikono yangu. Muuguzi akatoa plasta, akasafisha, akasema fungua taratibu. Akafungua. Alinitazama muda mrefu, akanipandisha, akanishusha.

"Mbona umezeeka hivyo?" akasema.

Nikamwambia nimezeeshwa na yeye. Wodi nzima ikacheka. Lakini mkono wake ulikuwa umekishika kidevu changu, na haukukiachia.

Jumamosi nilimrudisha Newala. Njia nzima alikuwa anataja vitu: nyumba ile, mti ule, mtu yule kavaa nyekundu. Tulipofika akatembea peke yake mpaka ndani bila kupapasa ukuta, majirani wakapiga vigelegele. Mimi nikaingia jikoni kupika. Kile kitambaa sikuwa nimekitupa, kilikuwa bado kwenye mlango wa dereva, cheusi, cha njano, kimechanika. Nilikuwa nimekisahau. Nilipotoka nikamkuta mama amesimama kando ya gari, anakitazama kiganjani mwake kwa jicho lake jipya. Akakinusa, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Akakiweka mfukoni, akasema chakula kinanukia.

Jumapili alfajiri niliamka niwahi kuteremka. Ukungu ulikuwa mzito, mashine zimeshaanza kunguruma mikoroshoni. Nikaenda kwenye gari, nikashika mpini wa mlango wa dereva, mlango haukufunguka. Kulikuwa na kitu kimeufunga. Nikainama nikatazama.

Ilikuwa kanga. Ile iliyobaki, yote, imechanwa utepe mrefu. Ilitokea ndani ya boneti, mdomoni mwa bomba, ikapita juu ya taa, ikapita juu ya tairi, ikaja mpaka kwenye mpini wa mlango wangu, ikafungwa mafundo matatu.

Nilisimama pale na baridi, nikisikia mama anachochea moto jikoni. Alikuwa amejua kwamba mara ile sikutoa. Na alikuwa ananisubiri.

"Kitambaa?" akaita.

Nikaanza kufungua fundo la kwanza. "Subiri mama," nikasema. "Bado natoa."